Fundi anayehesabu meno kwa ukucha

Saa tatu asubuhi, Fundi Meno ameinama mezani hadi pua inakaribia kugusa gia ndogo kama punje ya hindi. Anapitisha ukucha jino baada ya jino, midomo ikimchezacheza. Anafika kumi na moja, anasita, anaanza upya.

Jina hilo alipewa na wateja. Anatengeneza malori ya kuchezea yanayoendeshwa kwa rimoti.

"Siku moja alikuja mtu shavu limevimba," anasema akicheka. "Nikamwambia, ndugu yangu, mimi nashughulika na meno ya chuma tu."

Kicheko hakidumu. Huu ni mwezi wa nane macho yake yanafifia, na anayejua ni mkewe peke yake, anayeuza betri upande wa pili wa meza.

"Fundi asiyeona, nani atampa kazi?" anauliza kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni. "Sikufichi, naogopa. Naogopa sana."

Kazi yenyewe haina msamaha. Lori zito linataka mota yenye waya uliozungushwa mara nyingi: haina mbio, ila inavuta. Gia inayochomekwa kwenye mota hiyo nayo iwe na meno machache. Ukiongeza meno, lori linakimbia lakini mota inaelemewa, inapata joto mpaka inaungua. Wateja wengi hudhani gia kubwa ndiyo yenye nguvu, na kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye amekuwa akiwasahihisha.

Wiki mbili zilizopita alikosea mwenyewe. Gia ilichongwa namba 18 ubavuni, yeye akaisoma 13, akaifunga kwenye lori la dereva mmoja mstaafu. Lori likafungwa tela, likapandishwa mlima wa mito ya makochi sebuleni, na mota ikafuka moshi. Mke wa dereva ana pumu. Alilazwa siku mbili.

Tukiwa bado tunaongea, dereva mwenyewe anaingia, lori kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, ile mota ni feki. Nionyeshe duka ulikoinunua, nikamtoe jasho huyo muuzaji."

Fundi Meno anaweka bisibisi mezani. Akinyamaza tu, mzigo utamwangukia mwenye duka. Mkewe ameacha kupanga betri.

"Mzee, mwenye duka hana kosa. Ni mimi. Macho yangu hayaoni."



"Mke wangu nusura afe, fundi."

"Najua, mzee. Tangu siku ile silali. Nisamehe."

Dereva anavuta kiti, anakaa kwa uzito. "Unajua kwa nini niliacha usukani? Macho. Niliendesha mwaka mzima sioni vizuri, najikaza, namdanganya hata mama watoto. Mwaka mzima, barabarani na watu." Anaweka lori mezani. "Nitaliacha hapa. Usiliguse mpaka upimwe."

Fundi Meno anasema atakwenda hospitali Alhamisi, mkewe akimsindikiza. Anaomba ugonjwa uwe mtoto wa jicho, kwa sababu unaondolewa na mtu anarudi kazini.

"Na wakisema ni kitu kingine..."

Anakusanya bisibisi zake zote, anazifungia kwenye droo na kumpa mkewe ufunguo.

"Usinipe," anamwambia. "Hata nikikuomba."