Laurencia anavyohesabu hatua ili mdogo wake asikae kimya

Saa kumi na mbili asubuhi, Laurencia Margwe yumo matopeni hadi vifundoni katika shamba la vitunguu Baray, wilayani Karatu. Zamu ya maji ni ya tajiri wake mpaka saa nne. Anakata ukingo wa udongo kwa jembe, maji yanaingia kwenye jaruba moja, anaziba, anakata mwingine. Midomo yake haitulii.

“F tatu pako wazi. Farasi yuko d mbili,” ananong’ona.

“Mama Anneth!” anapaza sauti Angelina, kibarua mwenzake. “Huyo farasi wako angekuwa punda, si angetubebea mbolea!”

Vibarua wanacheka. Laurencia, mwenye umri wa miaka 36, anatabasamu kidogo na kuendelea. Ubao wa chesi una vyumba sitini na vinne, nane kwa nane. Kipande anachomwagilia amekigawa majaruba nane kwa nane, na kila jaruba amelipa jina la chumba chake.

Mchezo alifundishwa na mdogo wake, Wilibrodi, aliyekuwa mhudumu wa loji mjini Karatu. Mgeni mmoja alimwachia ubao. Kete zake, yaani mfalme, malkia, askofu, farasi, ngome na nyingine, zilipopotea, walitumia vizibo vya soda.

Wageni walipopungua, Wilibrodi alirudi kulima. Miaka miwili iliyopita alikuta jirani amefungulia mfereji nje ya zamu, na miche yake imekauka. Walipigana. Alimpiga jirani kwa mpini wa jembe na kumvunja mkono. Alihukumiwa miaka mitano.

“Ule mkono haujarudi sawasawa mpaka leo,” anasema Laurencia taratibu. “Mke wa yule jirani tunakutana mferejini. Tunasalimiana, kisha kila mtu anaangalia maji yake.”

Gerezani, Wilibrodi aliacha kuzungumza. Dada yake alimpa habari za mama, za mazao, za mtoto aliyebatizwa. Alijibu “sawa” tu. Siku moja Laurencia, kwa kukosa la kusema, alitamka hatua ya kwanza ya mchezo. Wilibrodi akainua uso. Akajibu kwa hatua yake.

Tangu hapo wamekuwa wakicheza mara moja kwa mwezi, wametenganishwa na wavu. Ubao hauruhusiwi. Wana dakika kumi na tano, zinazotosha hatua sita au saba; mwezi unaofuata wanaendelea walipoishia. Nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 14,000. Kibarua cha siku ni 8,000.

Nyumbani Laurencia hupanga vizibo mezani. Mbele ya wavu hana kitu zaidi ya kichwa chake, na kichwa hicho kilimwangusha mwezi wa sita.

“Nilimpeleka malkia e tano. Akaniuliza, ‘Dada, nani anamlinda?’ Nikasema farasi wa f tatu.” Anafuta jasho kwa mkono wenye tope. “Akasema, ‘Farasi aliondoka pale mwezi wa nne. Askofu wangu amemla malkia.’ Kisha akanyanyuka. ‘Usijisumbue kuja. Kichwa chako kiko kwenye vitunguu.’ Dakika sita zilikuwa bado.”

Kosa lilitoka hapa shambani. Kichwani mwake kila kete ni maji yaliyotuama kwenye jaruba. Ukiyahamishia maji jaruba lingine, lile la kwanza hubaki na unyevu, na ukilitazama haraka utadhani bado limejaa. Ndivyo alivyomwona farasi ambaye hayupo.

Mwezi wa saba alikwenda tena. Askari magereza alirudi peke yake.

“Hataki kutoka, mama.”

“Basi mwambie hivi: mfalme, g moja.”

“Mfalme gani tena?”

“Mwambie hivyo hivyo, afande. Tafadhali.”

Askari aliguna, akaingia. Aliporudi alikuwa ameandika kwenye kiganja: ngome, d nane.

“Jina langu alilitaja?”

“Hapana, mama. Hilo tu.”

Laurencia alilia njia nzima mpaka Karatu, lakini hatua ile aliishika.

Sasa kila alfajiri anajizoeza upya. Kete ikihama, anataja kwanza chumba kilichobaki wazi, kisha anakokwenda. Anahesabu hatua tatu mbele, anasimama, anajiuliza Wilibrodi anaweza kumla nani au kumtishia mfalme kwa kete ipi. Asipopata jibu anarudi mwanzo. Akichanganyikiwa, anakwenda kusimama kwenye jaruba lenyewe.

“Si umeshafungwa wewe, bila malkia?” Angelina anamuuliza wakati wa uji. “Ungesalimu amri mwanzishe mwingine.”

“Nikisalimu amri, mwezi ujao yule askari nitampa ujumbe gani?”



Jumamosi ijayo Laurencia anasafiri tena. Hajui kama mdogo wake atatoka. Anajua hawezi kushinda, na hataki kushinda. Anatafuta hatua zitakazorefusha mchezo, moja baada ya nyingine, mpaka hapo Wilibrodi atakapochoka kutuma majibu na kuyaleta mwenyewe.

“Nikikosea, ananimaliza kwa hatua tano. Nikihesabu vizuri, nafika ishirini,” anasema, akilishika jembe. “Kunikataa mimi anaweza. Ila tangu mdogo, hajawahi kuondoka kwenye mchezo ambao haujaisha.”