Konrodi Kwenye Mizani ya Ubani

Mimi sikusoma, lakini sokoni Garissa nikimwinua mbuzi kwa mikono najua uzito wake, na hakuna anayenibishia. Konrodi moja ya lori langu, ile fimbo ya chuma inayoshika pistoni, ilipopinda, nilinunua seti mpya dukani. Nikaziinua moja moja. Nikasema ziko sawa.

Mke wangu alikuwa akingoja lori hilo limpeleke Rhamu kwa mama yake mgonjwa. Akaniletea mizani yake ya kupimia ubani anaouza.

"Mzee, hizi si mbuzi. Weka hapa."

"Itachafuka oili."

"Mama ninaye mmoja. Weka!"

Zile za zamani zilizokuja na lori kutoka kiwandani, hata iliyopinda, zililingana kabisa. Katika mpya, moja ilizizidi nyingine kwa uzito. Wallahi, ingetikisa injini mpaka itufie njiani, mbali na maji. Nikaisugua kwa tupa, yeye akipima, akinicheka, mpaka mizani ikatulia.

Tulipokaribia Rhamu alikuwa amelala kwenye kiti cha pembeni, injini ikinguruma kwa upole. Mashimo ya barabara nikayakwepa moja moja, nisimwamshe.