Droni Iliyokwenda Koboko Badala ya Mama

Mimi kukaa mahali pamoja siwezi. Hata chai sijui kuisubiri ichemke. Nainywa vuguvugu, nalalamika, naondoka. Pale kwenye studio yangu Arua, ninapopiga picha za pasipoti na za harusi, wateja wamezoea kunikuta mlangoni natikisa funguo kana kwamba nimechelewa mahali. Kwa hiyo yeyote anayenijua angeweza kutabiri nitafanya nini siku nitakaposhika chombo chenye kitufe cha mbio.

Chombo chenyewe ni droni, na niliinunua kwa mpiga picha wa Kampala aliyekuwa amechoka nayo. Alinifundisha mchana mmoja, na mengi aliyarudia kwa sababu alishaniona nilivyo. Kwenye rimoti kuna swichi ndogo ya kusukuma kwa kidole, ina herufi tatu. C ni ya polepole: droni inateleza, inageuka taratibu, picha inatoka laini. N ni ya kawaida. S ni ya mbio.

"Kwenye S inafumba macho," aliniambia. "Mti ukiwa mbele haiuoni, ukuta haiuoni, na ukiachia kijiti cha kuiongozea haisimami papo hapo. Wewe anza na N. Ukizoea, nenda C, hiyo ndiyo ya harusi. S usiiguse kwanza."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku kidole kinaniwasha.

Nilikwenda kujifunzia Logiri, kwa mama, maana huko kuna nafasi na hakuna nyaya za umeme za kukatiza kila upande. Siku ya kwanza niliweka N kwa heshima ya yule mwalimu wangu. Droni ikapanda, ikatulia hewani, ikaningoja. Nikajaribu C. Jamani! Nilisukuma kijiti mpaka mwisho, nayo inakwenda kama ng'ombe aliyeshiba anayerudishwa zizini. Nikasema hapana, sikuzaliwa kwa ajili ya haya. Nikaweka S.

Ilipaa. Sauti yenyewe ilibadilika: ile ya kuvuma ikawa mlio mwembamba, mkali, unaoanzia mbali na kukujia kichwani. Watoto wa majirani walitoka mashambani wanapiga kelele za furaha, wanaikimbilia. Nikacheka peke yangu kama kichaa. Wakati wa kuitua nikaachia kijiti nikidhani itasimama, lakini ikapitiliza, ikashukia juu ya mkeka wa mama wa unga wa muhogo uliokuwa umeanikwa, na unga wote wa juu ukapeperukia mgombani.

"We mtoto!" mama alinijia na ufagio. "Hiyo kitu yako haina polepole?"

"Iko, mama."

"Sasa kwa nini haiendi polepole?"

Nikachukua ufagio nikafagia.

Huyo mama yangu, Kiswahili chake ni cha kambini. Marehemu baba alikuwa mwanajeshi, wakahamishwa kambi hadi kambi, na sisi wote tukakulia katika lugha hiyo. Alituzaa wasichana watatu. Mimi ni wa kati. Mdogo wetu ndiye aliyekuwa anaolewa Koboko mwaka huu. Mkubwa aliolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, tukiwa bado wadogo, na mama hakuwahi kufika kwake. Kwetu mama mzazi hamsindikizi binti yake kwa mume, wala haendi kule kutembea mpaka aitwe rasmi na wakwe na kupokewa kwa mbuzi. Wale wa Kongo walikuwa wanasema wataita, wataita. Mama alikuja kuiona nyumba ya binti yake siku ya kumzika.

Alikuta nyumba haina mlango, ina gunia. Alikuta maji yako mbali, chini kabisa bondeni. Alikuta majirani wanaomwambia mambo ambayo angeyajua mapema angemrudisha mtoto wake nyumbani. Hakuyasema sana hayo, lakini tangu mdogo wangu alipochumbiwa, usingizi ulimpotea. Kila nikienda Logiri namkuta amekaa kwenye kizingiti anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Jioni moja kabla ya harusi aliniita. "Hiyo ndege yako inapiga picha kutoka juu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wewe utaenda na mdogo wako. Mimi siwezi, wewe unajua. Nipigie hiyo nyumba. Nataka kuona mlango. Nataka kuona jikoni iko wapi na maji iko wapi. Na watu yake, nataka kuona hao watu. Kama nikiona, nitalala."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, atayaona yote kama amekaa juu ya paa. Nilisema hivyo kwa mdomo mwepesi, na nikarudi Arua kupitia Inde nikijua hili si jambo la kuharibu.

Siku yenyewe tuliondoka Arua asubuhi na gari mbili za wasindikizaji. Mdogo wangu alivaa gauni la sherehe, gomesi ya rangi ya njano, na alikuwa ameshika mkono wangu njia nzima. Mimi goti langu halikutulia. Nilikuwa nimeshapiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji kule kuomba ruhusa ya kurusha, naye akasema hakuna shida, mradi nisielekee mpakani. Betri zilikuwa zimejaa. Nilikuwa hata nimeapa: leo ni C, mwanzo mpaka mwisho.

Watu wa bwana harusi asili yao ni upande wa Yei, Sudani Kusini. Walivuka na vita, wakarudi kwao, vita vikawakuta tena, wakavuka tena, mwishowe wakapata kiwanja Koboko na mama yao akaanza kuuza vitenge sokoni. Haya yote niliyajua. Bwana harusi mwenyewe alitusimulia siku ya uchumba. Niliyajua kama mtu anavyojua habari za redio.

Tulipofika tulizuiwa barabarani kama kawaida, wanawake wa upande wao hawajawa tayari kutupokea. Tukangoja. Tukaendelea kungoja. Upande wa Kongo mawingu yalikuwa yanapanda, meusi, na upepo ukaanza kuinua vumbi. Nikatazama mawingu, nikatazama ile njia ya kuingilia boma, nikaona mvua itanyesha kabla mama hajapata hata mlango mmoja. Nikawaacha wenzangu barabarani, nikazunguka nyuma ya nyumba ya wakwe, kwenye uwazi, nikairusha.

Kwanza niliweka C, Mungu ni shahidi wangu. Droni ikapanda polepole, upepo ukaanza kuisukuma kuelekea mikaratusi, na skrini ikaniandikia onyo la upepo mkali. Nikaweka N. Ikajitahidi. Mara nikasikia vigelegele mbele: wameanza! Wanamwingiza mdogo wangu na mimi niko nyuma ya nyumba napigana na upepo! Kidole kikaenda chenyewe kwenye S.

Ikapenya upepo kama si kitu. Nikaizungusha juu ya paa, nikaishusha upande wa mbele ili nimpate mdogo wangu uso akiingia, na ule mlio mwembamba ukashuka juu ya watu.

Kwenye skrini niliona jambo ambalo akili ilikataa kulielewa. Watu walikuwa wanatawanyika. Wanawake waliokuwa wanapiga vigelegele walijitupa chini. Mzee mmoja alikuwa anaingia chini ya gari letu na suti yake. Sufuria ilipinduka, wali ukamwagika. Nikasikia mayowe, si ya sherehe. Nikarudisha swichi C, nikaitua palepale nilipokuwa na kukimbilia mbele.

Watu wetu wa Arua walikuwa wamesimama wamepigwa na butwaa, watu wao wako chini. Mdogo wangu alikuwa anainuka kutoka kwenye mtaro wa maji ya mvua, gomesi ya njano yote matope, bega la gomesi limechanika. Kando yake mama mkwe wake alikuwa amepiga magoti, kitambaa cha kichwa kimeanguka, kiwiko kinatoka damu.

Baba mdogo wa bwana harusi alinivamia. "Wewe! Unaleta ndege hapa? Unajua hawa watu wametoka wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikapiga magoti mbele ya yule mama, palepale kwenye matope, nikamwomba radhi. Alinitazama, akamtazama mdogo wangu, akaanza kumpangusa uso kwa kanga yake.

"Hiyo sauti," alisema. "Hiyo sauti mimi najua. Kule kwetu ukisikia hiyo, mutu anaanguka chini kwanza, ataulizia baadaye." Kisha akanigusa kichwani. "Amka, binti. Haujui. Amka, mvua inakuja."

Na mvua ikaja kweli. Ilinyesha sherehe nzima. Tulikula ndani tumebanana, watu wakaanza kucheka kidogo kidogo, yule mzee wa chini ya gari akataniwa mpaka akataniana na wengine. Droni ilikuwa ndani ya begi, mlango sikuupiga, jikoni sikuipiga, maji sikuyapiga. Watu walikuwa wamebanana kila mlango na mvua nje ni pazia. Hata kwa simu sikuweza kupata kitu cha kumwonyesha mtu. Sikuwa na uso wa kuanza kuwaelekezea kamera tena, hapana. Mdogo wangu alinisogelea wakati wa kuondoka akanikumbatia bila neno la lawama, na hilo ndilo lililoniliza.

Kwenye gari tukirudi nilifungua ile video kwenye simu. Nikaona paa, nikaona watu, nikaona fujo yangu yote, nikaona gomesi ya njano inaingia kwenye matope. Nikaifunga. Mara mbili nilipeleka kidole kwenye alama ya kufuta. Sikufuta kwa sababu nisingekuwa na chochote kabisa cha kumpelekea mama, na kwenda kwake mikono mitupu niliogopa zaidi.

Kesho yake mchana nilikuwa Logiri. Alikuwa kwenye kizingiti, bila maharage safari hii, ananingoja mimi tu.

"Mama, imeharibika," nikamwambia kabla hata ya salamu. "Nimeharibu. Hakuna nyumba, hakuna jikoni. Nilikwenda mbio, nikawatisha watu, nikamwangusha mtoto wako kwenye matope siku ya harusi yake. Sina la kukuonyesha."

"Weka."

"Mama, si picha ya kutazama."

"Nimesema weka."

Nikakaa kando yake nikaweka. Alitazama kwa macho ya kukaza, simu ameishika kwa mikono miwili. Video ilipita kwa kasi ile ile niliyoirusha nayo, ikaisha. Nikangoja anifokee.

"Rudisha," alisema. Nikarudisha. "Inakimbia sana. Hapa polepole haina?"

Kwenye simu polepole ilikuwepo. Nikaiweka, na safari hii watu wakaanza kuanguka mmoja mmoja, taratibu, na gomesi ya njano ikaonekana wazi katikati. Mama akaweka kidole kwenye kioo.

"Huyu nani?"

"Mama mkwe wake."

"Yeye alikuwa huku." Kidole chake kikasogea. "Karibu na ukuta. Hapa nyuma ya ukuta kulikuwa pazuri kujificha."

Nikatazama vizuri. Kweli, mlio ulipoanza yule mama alikuwa hatua chache kutoka ukutani, na wenzake wawili wakaukimbilia ukuta huo. Yeye aligeuka. Alikimbia kuelekea uwanjani, palipo wazi, kule droni ilikokuwa inashukia. Akamshika mdogo wangu begani, hapo ndipo gomesi ilipochanika, akamtupa mtaroni, akajilaza juu yake, akamfunika kichwa kwa mikono yake yote miwili. Akabaki hivyo. Mimi nilikuwa nimetazama video ile na kuona nguo tu.

"Huyu mama alifikiri ni bomu?" mama akauliza.

"Ndiyo. Kwao ndege zilikuwa zinamwaga mabomu. Alifikiri ni zile."

"Alifikiri ni bomu ya kweli."

"Ya kweli, mama."

Aliirudisha mwenyewe, kidole kikiwa kizito kwenye kioo. Akatazama tena. Akarudisha. Mara ya mwisho aliisimamisha pale pale mtaroni, ambapo mdogo wangu haonekani tena, unaonekana tu mgongo wa yule mwanamke, na akauchungulia muda mrefu mpaka kioo kikazimika chenyewe mkononi mwake.

"Mkubwa wako," alisema, "kule, hakuna mtu alimfunika."

Nilimshika mkono. Machozi yalikuwa yananitoka, yeye yalikuwa hayamtoki.

Akanirudishia simu. Akaingia ndani, nikasikia anatandika mkeka, na muda si mrefu, mchana kweupe, mlango wazi, mama yangu akaanza kukoroma.