Mwenyekiti wa Kadi pale Naro Moru

Umewahi kumwona mtu mzima akiiba kwa kutumia sheria, na walioibiwa wakimnunulia chai? Kama hujamwona, nenda Naro Moru ukamtazame Wambugu, mwenyekiti wa wapagazi wa mlima.

Mlima wenyewe aliupanda mara ya mwisho miaka kumi na mmoja iliyopita, kabla goti halijaharibika. Tangu hapo hajabeba hata mfuko wa viazi. Alibaki na koti jekundu aliloachiwa na mgeni, daftari la majina, na pakiti ya kadi zilizolainika kama kitambaa. Kwa mali hiyo anatawala. Msafara ukipungukiwa na mpagazi mmoja, na waliobaki ni wawili wenye zamu sawa, hao wawili hucheza kadi nje ya kibanda cha chai, naye Wambugu huamua. Ndiyo desturi yao, na si mbaya. Kibaya ni mwamuzi.

Ngatia, aliyesomea utalii chuoni na sasa anabeba mahema ya watalii, alikuwa amemchunguza mwaka mzima. Kadi ya mbili humlazimisha anayefuata kuokota kadi mbili, na kadi ya A huizuia. Hilo hata watoto wanalijua. Lakini mbele ya Wambugu, A ya rafiki huzuia hata kadi zikishaokotwa, na A ya asiyempenda huwa "imechelewa" ingali hewani.

"Kadi iko na saa yake," husema, akichokonoa meno. Saa yenyewe anaitia mfukoni na kuitoa apendapo.

Alasiri moja walikaa kucheza Gathoni na Waweru. Gathoni, ambaye wote humwita Mama Lynn, alikuwa amekosa misafara miwili mfululizo. Kwa kanuni ya daftari, ukikosa wa tatu jina linafutwa hadi mwaka ujao. Waweru ni mtoto wa dada yake Wambugu, mtu wa kulala mpaka jua lichome mabati.

Anayebakiza kadi moja lazima atangaze "niko kadi" kabla mwenzake hajacheza. Asipotangaza, anaokota kadi ya adhabu. Basi. Gathoni alikuwa na kadi mbili. Akaweka tano nyekundu juu ya tano nyeusi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Niko kadi!"

Wambugu akainua kidole.

"Mama Lynn, umeharakisha. Umesema mkono ukiwa bado kwa kadi. Mtu hutangaza akishatoa mkono."

"Ati mkono? Tangu lini, mwenyekiti?"

"Tangu sheria ziwe sheria."

Ngatia hakuweza kuvumilia. "Mwenyekiti, hiyo haiko. Ni kabla mwenzako acheze, na Waweru hajacheza!"

"Wee msomi, chuo ilikufunza kubeba sufuria ya wazungu. Kadi niachie."

Griffins, mpagazi mwenye mabega kama mlango wa ghala, alicheka hadi akamwaga chai. Kilikuwa kicheko cha jitu linaloogopa daftari. Wengine wanane walitazama viatu vyao. Wanaume wanaopandisha kilo kumi na nane hadi mita elfu nne, na hawawezi kuinua neno moja!

Gathoni akaokota kadi ya adhabu. Zamu mbili baadaye Waweru alimaliza kadi zake akashinda, na Wambugu akalifuta jina la Gathoni pale pale, mwenyewe akitazama. Gathoni akasimama, akajipangusa vumbi, akaenda zake. Ngatia naye alikunywa chai yake hadi mwisho, akijidharau.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wapagazi walikuwa wamejipanga kwenye lango la mlima. Anita, kiongozi wa msafara, alisoma majina. Alipofika kwa Waweru, kimya. Waweru alisherehekea ushindi wake kupita kiasi, hakuna aliyeweza kumwamsha, na alfajiri Wambugu alikuwa amemtuma Griffins amlete Gathoni. Sasa Wambugu alimgusa Gathoni kwa kiwiko.

"Inua mkono, Mama Lynn. Beba kwa jina ya Waweru, tutaongea baadaye."

Gathoni akatoka kwenye mstari, akamwendea Anita.

"Waweru amelala. Mimi ni Gathoni. Kama mzigo ni yangu, andika jina yangu. Kama ni ya Waweru, aamke abebe."

Anita akakata jina moja, akaandika jingine, kisha akamgeukia Wambugu na kumwambia arekebishe daftari lake papo hapo. Wambugu akaandika. Gathoni akajitwika mzigo, akapita langoni.

"Mnaona?" Wambugu akawaambia waliobaki kwenye mstari. "Ni mimi nilimtafuta huyu mama. Bila mimi mngeaibika."

"Ni kweli, mwenyekiti," akasema Griffins, na wale wanane wakaitikia.