Jiwe la Susu pale Kabati

Kaburi la Susu liko kando ya barabara ukitoka Kabati, na jiwe lake linasema uongo. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaosimama kulisoma hutikisa vichwa kwa huruma, na huruma yao huniudhi mpaka leo.

Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Huyu wetu alikuwa mwanamke wa kwanza sokoni kuwa na duka lake la jumla. Baadaye akaweka mashine ya kusaga, kisha akachaguliwa diwani. Bwawa linalonywesha ng'ombe wa kijiji kizima alilisimamia yeye, akiongoza mwethya, wale kina mama wanaochimba pamoja kwa zamu huku wakiimba. Alikuwa na sauti ya kufokea punda. Nami alinifokea mara nyingi, na nilimpenda sana.

Kitu kimoja hakukipata, mtoto wa tumbo lake. Mumewe alipokufa, alifanya jambo ambalo wanawake wa kwetu wenye mali na wasio na mtoto wamelifanya tangu zamani. Alipeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana mmoja wa upande wa Kanyangi, akamwoa. Msichana anayeolewa hivyo huitwa iweto. Hapakuwa na mambo ya kitanda baina yao. Iweto huzaa na mwanamume aliyemchagua mwenyewe, na watoto huwa wa nyumba ya yule aliyepeleka mbuzi, kwa jina na kwa shamba. Msichana yule ndiye mama yangu. Mimi na kaka zangu wawili tulizaliwa hivyo, na sikumbuki mtu akituuliza baba yetu ni nani. Kila mtu Kabati alijua sisi ni wa Susu.

Alifariki mwanzoni mwa miaka ya themanini. Watu wa soko na watu wa kanisa wakaunda kamati ya jiwe, na mwenyekiti akawa mtoto wa shemeji yake, msomi aliyeokoka, mwenye kazi ya ofisi Nairobi. Penye wazee haliharibiki neno, husemwa. Jiwe lilikuja limefungwa kwa magunia, jeusi, la kung'aa, likasimamishwa Jumapili baada ya ibada mbele ya umati. Mama hakujua kusoma. Alinivuta mkono akaniuliza linasemaje.

Nilisoma kimoyomoyo kwanza. Jina lake, udiwani, duka, shule aliyoisaidia, bwawa. Halafu chini kabisa: "Hakujaliwa mtoto, lakini alikuwa mama wa wote."

Nilimwambia yote, pamoja na mstari ule. Aliifunga leso yake upya.

"Wamesahau," akasema. "Enda uwakumbushe."

Laiti wangekuwa wamesahau. Nilianza na mwenyekiti, aliyekuwa bado anapeana mikono na wageni. Alinisikiliza kwa upole.

"Dada, sisi wote tunajua nyinyi ni watu wa hapa," alisema. "Lakini hiyo maneno ya mama kuoa mama, wageni wakubwa wakisoma watatuona namna gani?"

Nikamwambia hakuna haja ya kuandika ndoa. Aandike tu kwamba aliacha watoto watatu.

"Watauliza baba yao ni nani," alinijibu, akarudi kwa wageni wake.

Nikaenda kwa mchungaji. Alikuwa amekula kwetu mara nyingi, na aliniombea nilipofanya mtihani. Alisema Susu aliokoka akayaacha mambo ya zamani. Nikamuuliza kama na sisi ni miongoni mwa mambo aliyoyaacha. Akasema tuombe. Tukaomba, mimi nimefumba macho kwa hasira.

Chifu naye, ambaye watoto wake niliwafundisha shuleni, alisema mambo ya kaburi ni ya familia.

"Familia ni sisi," nikamwambia.

"Ndio, na hao wengine pia. Sasa jiwe imeshachongwa, utafanya nini, mwalimu? Maji ikimwagika haizoleki."

Heri wangetufukuza. Mtu akikufukuza una wa kupigana naye. Shamba hatukunyang'anywa, duka tuliendelea nalo, sokoni walitusalimu kama zamani, na kanisani tulipewa nafasi ya kuketi. Walituachia kila kitu isipokuwa yeye. Kaka yangu mkubwa alichukua nyundo jioni moja, akasema yeye ataumaliza ule mstari. Mama alisimama kati yake na jiwe.

"Utapiga susu yako nyundo?" akamuuliza.

Nyundo ikarudi stoo. Mama akaanza kufagia pale kila Jumamosi, akang'oa magugu, akapanda na maua. Nilimwuliza kwa nini anahangaika na kitu kinachomkana. Alisema jiwe ni la kamati, lakini kaburi ni la mwenye boma lake.

Miaka ya tisini walikuja wageni na kamera, wakizunguka kupiga picha makaburi ya viongozi wa zamani wa Ukambani. Kijana wa kike aliyewaongoza alikuwa na adabu nyingi. Alimkuta Mama ameinama na ufagio, akamwomba asogee kidogo ili jiwe lionekane vizuri. Mama akasogea.

"Asante sana, mama, umeiweka safi kabisa," yule kijana akamwambia. "Nani alikuandika hii kazi?"

"Ni yeye," Mama akasema, akionyesha kaburi. "Yeye ndiye alinileta hapa."

Wakacheka, wakidhani mzee anatania. Nilianza kueleza habari za mbuzi, za iweto, za sisi watatu. Yule kijana aliitikia kila sentensi, "ndio, mwalimu, ndio," huku akimtazama mwenzake wa kamera. Kisha akasema kwa masikitiko kwamba wao wanafuata kilichoandikwa. Wakapiga picha zao, wakatushukuru, wakaingia garini.

Mama alilitazama gari mpaka vumbi likatulia. Akaniuliza kama kwenye ile picha ataonekana.

Nikamwambia hapana.