Kupima eneo la sola Kwihara kulivyofumua ugomvi wa majaruba

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina biashara, nina kisa cha kazini kimenikaa kifuani. Ni cha kweli, ila majina nimebadilisha maana wahusika ni watu wangu.

Mimi ni mtu wa ramani, naishi Ipuli hapa Tabora. Mwaka jana tulipata kazi ya kutafuta eneo la kujenga mradi wa sola upande wa Kwihara.

Unarusha droni, inapiga picha, kompyuta inakuonyesha wapi pameinuka, wapi pamebonyea, na mvua ikinyesha maji yatapita wapi. Watu wanadhani sola ni jua tu. Jua Tabora tunalo la kugawa, shida ni usije ukasimika paneli kwenye dimbwi.

Sasa, Kwihara ndiko anakoishi mama yangu mdogo, Bi Zainabu. Analima mpunga kwenye majaruba, vile vishamba vya matuta ya kushika maji, na jirani yake wa juu ni Mama Kulwa. Walikuwa mashoga wa kuazimana hadi khanga.

Utaratibu wa kule, jaruba la juu likishajaa, mwenyewe anafungua tuta ili maji yateremke kwa wa chini.

Misimu ya karibuni la Mama Kulwa linajaa, la mama mdogo linakauka mpunga ukiwa bado mchanga. Akaona hapo hakuna cha kuuliza, kafungiwa maji. Mama Kulwa akaapa kwamba anafungua. Nani amsikilize?

Salamu zikafa. Mume wa Mama Kulwa alipofariki, mama mdogo hakukanyaga msibani. Waliokulia kijijini wanaelewa uzito wa hilo.

Basi siku moja nimekaa kwa mama mdogo na laptop, nakagua mikondo ya maji. Nikaona maji mengi ya jaruba lake hayakuwa yakitoka kwa Mama Kulwa kabisa. Yalikuwa yanashuka kutoka kilimani, upande mwingine. Barabara ya moramu inayopita hapo ilipoinuliwa misimu hiyohiyo, tuta lake likayakinga na kuyapeleka kwingine. Kwa macho huwezi kujua, pale majarubani panaonekana tambarare.

Kusema kweli nilitamani nifunge laptop ninyamaze. Lakini ningemtazamaje tena? Nikamwonyesha.

Akaangalia ile michirizi ya bluu inayoonyesha maji. Akaniuliza kama mashine huwa inakosea. Nikamwambia huwa inakosea, lakini barabara ipo, twende tukaione. Tukaenda, tukakuta majani mabichi yameota kando ya tuta, pale maji yanapotuama.

Jioni akaniomba nimsindikize kwa Mama Kulwa. Akaeleza yote, akaomba radhi. Nilimwonea huruma mama yangu mdogo.

Mama Kulwa alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole:

"Mwenzangu, ya maji nilishasamehe zamani. Msibani ndipo nilipokungoja."

Sola tumependekeza zikae kwenye mwinuko. Ombi la kalavati chini ya barabara limeshafika kijijini, huenda maji yakarudi.

Nilichojifunza wakuu, gombana na mtu utakavyo, lakini kwenye msiba wake nenda. Maji yakipotea njia utayatafutia njia nyingine. Maziko hayarudiwi.

Waliowahi kupatana baada ya jambo kama hili, nishaurini. Mama mdogo kila siku ananiuliza afanye nini ili asamehewe la msibani.