Nilivyomdanganya Daktari wa Meno

Siku moja haijanitoka akilini kamwe: siku niliyojaza fomu ya daktari wa meno na kuandika uongo kwa mwandiko mzuri kabisa.

Mwanangu, sijafika umri wa kukuita hivyo; nina miaka ishirini na sita tu. Lakini wodini aliyetangulia ndiye mkubwa. Nimesikia umemaliza dawa za saratani na sasa unataka vyuma vya kunyoosha meno. Nisikilize kidogo.

Niliugua saratani ya damu nikiwa na miaka sita. Nilipona, meno yakaota yamepandana. Nami ni mtu wa kutaka kila kitu kinyooke. Hata kandambili mlangoni petu Kayole nilizipanga kwa rula. Nikajisomea kwenye simu hadi nikajiona daktari. Nikajua kwamba dawa zile zinaweza kuacha mizizi ya meno ya mtoto ikiwa mifupi, na kwamba daktari akijua huyavuta meno taratibu, pengine aache kabla meno hayajanyooka yote. Hilo sikulitaka. Fomu ilipouliza kama nimewahi kuugua ugonjwa mkubwa, nikaandika: Hapana. Eksirei ikaonyesha mizizi mifupi, daktari akaniuliza tena. Nikasema ni ya ukoo, hata mama yangu yuko hivyo.

Mwaka haukuisha, jino la mbele likaanza kutikisika. Mama akanisindikiza. Daktari akamuuliza kama kweli naye ana mizizi mifupi.

"Mimi? Daktari, mimi hufungua soda na haya meno. Huyu ndiye alikuwa na saratani ya damu."

Daktari hakunigombeza. Alimwonyesha Mama fomu niliyojaza, kisha akachukua koleo akavitoa vile vyuma.

Tulipofika ngazi za ploti yetu, lile jengo la vyumba vya kupanga, Mama akanigeukia.

"Fomu inasema hukuwahi kuugua. Sasa ile miaka mitatu, mimi nilikuwa hospitali nikiuza mandazi?"

Akapanda ngazi mbili, akageuka tena.

"Vile vidonda vya mdomo nilivisafisha na maji ya chumvi, wewe ukiniuma vidole. Hata hayo uliandika hapana."

Jino lile lilitoka. La pembeni yake limefungwa kwa waya, lishikwe na wenzake. Mpaka leo Mama hunipukuchulia mahindi ya kuchoma kabla hajala yake, nami hula nikitazama chini. Msamaha sijauomba. Kila nikiyapanga maneno, naona hayajanyooka.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwambie daktari wa meno kila kitu: ugonjwa, dawa, mionzi kama ulipigwa, na lini ulimaliza. Mwache azungumze na daktari wako wa saratani. Akisema subiri, subiri. Akisema tuishie hapa, jino moja likabaki limeinama, kubali. Kizuri hakikosi ila. Na ukifika kwenye swali lile la fomu, mpe kalamu aliyekuuguza, ajibu yeye.

Mungu akuachie meno ya kutafunia hadi uzeeni, na akuachie na mtu wa kula naye.